Status za kaka yako: mpigie, usijibu kwa emoji

Dada, umeuliza kama hizo status za kaka yako askari, "nimechoka, mtanikumbuka", saa 8 usiku, ni kutafuta huruma tu. Mimi nisingezipuuza. Mwaka 2017 Facebook walitangaza programu ya kusaka machapisho ya namna hiyo, maana wengi hutoa dalili kabla. Lakini status ya WhatsApp haisomwi na mtambo. Wanaoiona ni ninyi mliohifadhiana namba naye, na baada ya saa 24 imefutika.

Na askari hasemi kambini. Anaogopa kuonekana legelege, anaogopa kunyang'anywa silaha na cheo kikwame. Basi analitoa usiku kwenye simu, halafu kuna mjinga anamjibu "kaza mwanajeshi" na vikatuni vya kucheka.

Mpigie leo. Muulize waziwazi: "Kaka, unawaza kujiua?" Tafiti zimeonyesha kwamba kuuliza hivyo hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, na silaha iwe mbali naye. Maadamu yuko likizo hapo Tukuyu, mpelekeni Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, wana huduma ya afya ya akili. Akirudi kikosini, aanzie kwa daktari wa jeshi. Najua huku kwetu wa kwanza kuitwa ni mchungaji. Sawa, aje aombe, ila safari ya hospitali isiahirishwe kwa sababu hiyo.

Zile screenshot za status zake usizitume kwenye grupu la ukoo.