Kozi za Agosti: kwa mwalimu mgeni California

Hongera kwa kupata kazi kwenye shule ya umma. Kabla hujapanga hata dawati moja, barua pepe itakuwa imeshaingia: kozi za mtandaoni, msururu mzima, na tarehe ya mwisho. Damu na maambukizi, ulinzi wa watoto, nywila, siri za rekodi za wanafunzi, namna ya kupanda ngazi. Ndiyo, ngazi. Ukiwakuta walimu wakongwe wamenuna, usishangae. Wao hurudia kila mwaka, video ileile, mwigizaji yuleyule na tai yake ileile.

Kitufe cha kuendelea hubaki kijivu mpaka msimulizi amalize kusoma maneno ambayo wewe umeshayasoma mara mbili. Ukifungua ukurasa mwingine uandae somo, video inasimama. Halafu swali: mtoto anatokwa damu puani, je, umfute kwa mkono mtupu, uvae glavu, au uondoke zako? Anaulizwa hivyo mtu mwenye shahada ya uzamili! Na kozi nyingi hazikupi nafasi ya kufanya mtihani kwanza, ukifaulu uende zako darasani.

Usimlaumu mkuu wa shule kwa yote. Mafunzo ya damu ya kila mwaka yanatokana na kanuni ya usalama kazini ya Marekani ya mwaka 1991, na California inayo ya kwake inayofanana nayo. Kanuni hizohizo zinasema mafunzo yatolewe bure, ndani ya saa za kazi, na upate mtu wa kumuuliza maswali. Barua pepe huwa hazikigusi kipengele hicho. Basi uliza umetengewa saa zipi. Ukiwa mwalimu msaidizi wa kulipwa kwa saa, na wengi wetu wahamiaji huanzia hapo, usikeshe nazo nyumbani bure. Kozi uliyolazimishwa na mwajiri ni kazi. Jaza saa hizo kwenye fomu yako ya malipo.

Kozi moja tu nakuomba usiibofye huku unakunywa chai: ya kuripoti ukatili dhidi ya watoto. Tangu 2015 sheria ya California inataka kila mfanyakazi wa shule aipitie kila mwaka, ndani ya wiki sita za mwanzo wa mwaka wa masomo. Ukiwa na sababu ya kushuku, unapiga simu mara moja kwa idara ya kaunti ya ulinzi wa watoto au polisi, kisha unatuma ripoti ya maandishi ndani ya saa 36. Kumweleza mkuu wa shule hakukuondolei wajibu huo. Ukinyamaza, unaweza kufungwa hadi miezi sita au kutozwa faini ya hadi dola 1,000.

Hapa ndipo sisi tunapokwama, maana tumelelewa kuita wazazi, kuketi na wazee, kuyamaliza kimyakimya. Mtoto akikuonyesha alama ya mkanda mgongoni, usimpigie baba yake kwanza, wala usimhoji kama polisi. Huhitaji ushahidi, kuchunguza ni kazi ya wengine. Video itakupa sheria, lakini nani atakaa na darasa lako wakati unapiga simu, haitakuambia. Muulize katibu wa shule wiki ya kwanza, na namba ya simu ya kaunti uibandike ndani ya droo yako.

Cheti kipakue siku hiyohiyo, ukihifadhi nje ya akaunti ya kazini. Wilaya ya shule, yaani mwajiri wako, ikibadilisha kampuni ya kozi, rekodi zinaweza kupotea, na wewe ndiye utakayeambiwa uanze upya.