Mstaafu Mwingereza kuishi Mtwara: Uhamiaji siyo pagumu

Mkuu, umesema mwalimu wenu wa zamani, Mwingereza, anataka kuja kuzeekea Mikindani, na hofu yako ni Uhamiaji. Baba mkwe wangu ni mstaafu wa huko huko, tunaishi naye hapa Shangani, na makaratasi yake yote yanapita mikononi mwangu. Uhamiaji siyo pagumu. Kuna kibali cha ukaazi daraja C, wastaafu wamo, na maombi ni ya mtandaoni. Asije tu na viza ya matembezi ya siku 90, kisha kila ikikaribia kuisha avuke daraja la Mtambaswala aingie Msumbiji na kugeuza ili apate viza mpya. Wapo wanaofanya hivyo, mpaka siku ofisa mmoja anapoamua kuhesabu mihuri. Na akishapata kibali asifundishe, hata tuisheni ya bure. Hicho si kibali cha kazi.

Patakapombana ni Uingereza kwenyewe. Pensheni ya serikali ya kule, ukihamia Tanzania, inagandishwa. Wenzake waliobaki wanaongezewa kila Aprili, yeye kiasi ni kile kile mwaka hadi mwaka. Wanaoishi Mauritius wanaongezewa; sisi hatumo. Kwa hiyo bajeti yake aipige kwa bei za miaka kumi ijayo, siyo za leo.

Halafu kuna fomu ya kuthibitisha kuwa bado yu hai. Inakuja kwa posta, shahidi anasaini, inarudishwa. Isiporudi, malipo yanasimama. Akodi sanduku la posta lake mwenyewe, siyo kutumia la shule au la parokia, ambako barua inaweza kulala mpaka msimu wa korosho uishe.

Bima ndiyo ya kukaa naye mkazungumza. Akihama, matibabu ya bure ya kule kwa sehemu kubwa yanamtoka, hata akirudi kusalimia wajukuu. Kampuni nyingi hazipendi kumwandikisha mzee mpya, hivyo atafute kabla hajapanda ndege, na asome kama inalipia ndege ya wagonjwa. Hospitali za Ligula na Ndanda zinatibu mengi, lakini mengine ni Muhimbili tu, Dar, na Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilipokata barabara ya Lindi kwenda Dar, gari la wagonjwa lingepita wapi? Ile bima ya dola 44 wanayotozwa wageni Zanzibar ni ya Zanzibar, isimdanganye.

Benki ni rahisi akiwa na kibali. Sisi walitaka pasipoti, kibali na barua ya mtendaji wa mtaa, kwa hiyo mpeleke kwa mtendaji mapema ajulikane. Afungue akaunti mbili, ya pauni na ya shilingi. Mwenye nyumba akidai kodi kwa dola, mwambieni tangu Machi 2025 kanuni zinataka bei za ndani ziwe za shilingi.