Vidonge vya vitamini kila siku: lazima?

Umeuliza kama umeze multivitamini kila siku ilhali unakula vizuri. Kama sahani yako ina mboga, matunda, kunde na nafaka zisizokobolewa, sioni sababu. Vitamini C ya ziada utaikojoa tu, yaani umenunua mkojo ghali. A, D, E na K ndizo za kuangalia, maana huyeyuka kwenye mafuta na mwili huziweka akiba. Vitamini A ikizidi huumiza ini, na kwa mjamzito inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Wavuta sigara nao wakae mbali na vidonge vya beta-karotini, kirutubisho ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Vimeonekana kuongeza hatari ya saratani ya mapafu.

Wapo wanaohitaji vidonge vya vitamini kweli. Anayepanga kupata mimba ameze asidi ya foliki (aina ya vitamini B) mikrogramu 400 kwa siku tangu kabla ya kushika mimba hadi wiki ya 12. Asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa anahitaji vitamini B12. Asiyepata jua, vitamini D.

Uchovu usioisha usiutibu kwa kubahatisha. Kapime damu kwanza, hasa wingi wa damu na madini ya chuma.