Maswali yenu: Ukisema unaenda Zanzibar, unaenda kisiwa gani?

Mwezi huu barua karibu zote zinaulizia visiwa, nahisi ni hii baridi ya Julai, huku Arusha na Moshi tunalala na mablanketi mawili watu wanaota jua la baharini. Nimechagua nne.

SWALI: Shikamoo dada. Nina duka la nguo hapa Majengo, Moshi. Mimi na baba watoto tumedunduliza mwaka mzima tuwapeleke watoto Zanzibar likizo ya Desemba, siku tano. Yeye anataka siku mbili Unguja, siku mbili Pemba, ya tano turudi. Inawezekana? Halafu sisi ni Wakatoliki, tutapata misa?

JIBU: Marahaba mama, na hongereni kwa kudunduliza. Tuanze hapa maana wengi tunachanganya, Zanzibar sio kisiwa kimoja, ni Unguja na Pemba na vile vidogo vya pembeni kama Tumbatu. Zile picha za mchanga mweupe mnazoziona kwenye simu karibu zote ni Unguja. Pemba iko kaskazini yake kama kilomita 50 hivi za maji, na boti ya kwenda huko sio ya kudandia kama Noah ya Himo, inabidi uulizie siku zake mapema. Hesabu na basi la Moshi hadi Dar, siku nzima imeisha hapo, ukifika jioni unalala Dar, asubuhi ndio unavuka kama masaa mawili. Kwa hiyo siku zenu tano kwa kweli ni tatu. Mwambie baba watoto achague kisiwa kimoja, nasema hivyo kwa upendo kabisa, maana watoto watakumbuka kutapika kwenye boti kuliko kitu kingine chochote.

Kwa watoto mi ningesema Unguja. Lala mjini siku ya kwanza, tembeeni Mji Mkongwe kwa miguu, jioni mle urojo, ule mchuzi mzito wa Zanzibar, pale bustani ya Forodhani. Misa ipo, Kanisa la Mtakatifu Yosefu pale Shangani, lile lenye minara miwili. Mkitoka hapo wapelekeni Mkunazini, kanisa kuu la Anglikana limejengwa palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na ongeeni nao kuhusu hilo, watoto wanaelewa kuliko tunavyodhani. Kesho yake pandeni gari ya shamba. Kule shamba sio mahindi na ndizi tu, ni kokote nje ya mji. Njiani kuna msitu wa Jozani wenye kima punju, duniani kote hawapo porini isipokuwa huko Zanzibar.

Ila mama sikiliza hili, ufukwe wa mashariki, Paje, Jambiani, kule maji yakipwa yanaenda mbali mpaka unajiuliza bahari imehamia wapi. Watoto wakiamka na nguo za kuogelea wakakuta tope na majani watalia. Usichukie, ndio wakati mzuri wa kuona watu. Utakuta kina mama wameinama ndani ya maji ya magotini, leso zimefungwa kiunoni, wanafunga vipande vya mwani, yale majani ya baharini, kwenye kamba zilizotandazwa kati ya vigingi, kimoja kimoja, mgongo juani tangu asubuhi. Wasalimie kwanza, uliza kazi inaendaje, picha baadaye na kwa ruhusa. Sisi watu wa Moshi tunajua kabisa mgeni anayepita na kamera bila hata habari ya asubuhi anavyokera, basi tusiwe yeye. Na mabega na magoti yafunikwe mkitoka ufukweni kuingia kijijini, karibu kila mtu kule ni Mwislamu.

Sokoni ukitaka nyanya sema tungule, viazi ni mbatata, na shule ni skuli.

SWALI: Dada habari, mimi ni mpagazi, natokea Marangu. Mwezi wa nne na wa tano mlimani hakuna kazi kwa sababu ya mvua, nikasema niende Pemba muda huo maana nasikia gesti zinashuka bei. Kuna ubaya?

JIBU: Mdogo wangu, mvua inayokufukuza mlimani ni hiyo hiyo, masika haiishii Himo. Na muda huo kusi inaanza kushika, ule upepo wa kutoka kusini, inavuma hadi mwezi wa tisa huko. Kaskazi ndio wa Desemba mpaka Machi. Wenyeji wanapanga maisha yao kwa hizo pepo mbili tangu enzi za majahazi, na mkondo wa Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, unaopita kwenda Pemba ukikutana na kusi sio wa mchezo. Mwaka 2011 meli ya Spice Islander ilizama huko huko ikielekea Pemba, ilikuwa imejaza kupita kiasi, watu wengi sana walikufa. Sikutishi, boti zinaenda na kurudi, lakini ukiona chombo kimejaa watu mpaka ngazini, shuka, nauli utaitafuta tena. Ningekuwa wewe ningeenda wakati karafuu zinachumwa, ukipata wiki ya kupumzika katikati ya safari za mlima.

Pemba ni vilima na mabonde, kijani kila upande, Waarabu waliiita Kisiwa cha Kijani, utajisikia kama uko Marangu ila joto. Karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka hapo. Karafuu inachumwa kabla ua halijafunguka, ikiwa kijani na wekundu kidogo, nyumbani familia nzima inakaa chini usiku kuchambua, karafuu huku, makonyo, yaani vijiti vyake, kule, asubuhi zinaanikwa mikekani pembeni ya barabara mpaka ziwe kahawia nyeusi. Ukipita na gari madirisha wazi harufu inakuingia mpaka kooni. Kama nyumbani mlikuwa na kahawa, ile ya kuanika na kuwahi kuanua mvua ikija, utaelewa mara moja maisha yao. Nenda pia Ngezi ukaone msitu, na Kidike kuna popo wakubwa wa Pemba ambao hawapo kisiwa kingine.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, Usa River. Je, Mafia ni Zanzibar? Na yule samaki mkubwa anaonekana bila kuogelea? Magoti yangu hayaruhusu.

JIBU: Shikamoo mwalimu. Hapana, Mafia ni mkoa wa Pwani. Mwaka 1890 Wajerumani na Waingereza walipogawana, Unguja na Pemba zikaenda kwa Mwingereza, Mafia ikabaki kwa Mjerumani. Iko mkabala na delta ya Rufiji, unafika kwa ndege kutoka Dar au kwa barabara hadi Nyamisati kisha boti mpaka Kilindoni. Papa potwe anaonekana kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi, na anakuja juu juu, ukikaa kwenye boti unamwona vizuri na madoa yake meupe. Hana neno na mtu, anachuja vijidudu vya majini. Mwambie nahodha asimsogelee sana.

SWALI: Niko Njiro, nasoma chuo. Nimechoka kila mtu kwenda Nungwi, nataka Komoro. Kiswahili kitatosha?

JIBU: Nimefurahi umeuliza. Komoro ni nchi nyingine mdogo wangu, pasipoti lazima, na hela yao ni faranga. Visiwa vyake ni Ngazidja, Nzwani na Mwali, uhuru walipata tarehe 6 Julai 1975, cha nne, Maore, kikabaki na Ufaransa mpaka leo. Ngazidja wana mlima wa volkano, Karthala, mita 2,361, ni nusu tu ya Meru yetu, ila huu uko hai. Mwaka 2005 ulilipuka na majivu yakaingia kwenye matangi ya maji, na kile kisiwa hakina mito, watu wanategemea maji ya mvua. Kwa hiyo ukiwa mgeni wa mtu usimwage maji ovyo.

Lugha yao Shikomori ni ndugu kabisa na Kiswahili, hesabu utaisikia, mbili, ndraru, nne, ntsanu. Wengine wanajua Kiswahili, wengine watakuelewa nusu, Kifaransa kidogo kitasaidia ofisini. Salamu yao ni bariza. Na ukimpa mtu zawadi akakujibu "marahaba" usidhani anakufanya mdogo wake, kwao ndio asante.