Alikufa Akiwa Mateka wa Vita

Mwanangu,

Juzi kwenye simu uliniuliza: katika hiyo historia ya ukoo unayoiandika, mjomba wako umwandike "alifia vitani" au "alifia gerezani", maana wazee wamekupa majibu mawili. Gerezani usiandike.

Neno "mfungwa" ndilo lililotuponza. Watu wakisikia mfungwa wa vita, kwanza wanauliza alikosa nini. Bibi yako aliulizwa hivyo msibani, tena na mtu aliyekuja kumpa pole! Kaka hakukosa kitu. Alikuwa na miaka 21, kikosi chao kikazingirwa, kikasalimu amri, basi. Mateka anazuiliwa ili asirudi kupigana, si kwamba amehukumiwa. Mkataba wa Tatu wa Geneva wa mwaka 1949 unakataza hata kumweka gerezani, isipokuwa kwa sababu za pekee zenye manufaa kwake, na mapigano yakikoma arudishwe kwao bila kucheleweshwa.

Ile kadi uliyokuwa ukiniuliza utotoni mbona haina stempu, ndiyo aliyoijaza alipotekwa. Barua za mateka hazilipiwi posta. Anatakiwa apewe nafasi ya kuijaza ndani ya wiki moja tangu afike kambini, ili nyumbani wajue yuko wapi na ana hali gani. Maneno yamekwisha kuchapwa: mzima, amepona, mgonjwa, amejeruhiwa kidogo, amejeruhiwa vibaya. Unakata yasiyokuhusu, na kuongeza lako hairuhusiwi. Kaka huyo, ambaye akitaka viatu tu alikuwa akiandika kurasa nne! Akakata moja baada ya jingine, na alipofika kwenye "mgonjwa" akakandamiza kalamu hadi karatasi ikatoboka.

Bibi yako hakujua kusoma vizuri. Alipitisha kidole pale penye tundu, akasema, "Huyu anaumwa." Taarifa ya kifo ilikuja baadaye: ugonjwa, hukohuko kambini. Walimzika kwenye kaburi la peke yake, lenye jina lake. Hilo nalo mkataba unalitaka, na ndilo lililomrudishia bibi yako usingizi kidogo.

Andika "alikufa akiwa mateka wa vita". Usimpambe kwamba alipigana hadi risasi ya mwisho, mwenyewe angekucheka.

Kadi nitakupa ukija. Ila usiipeleke ikafunikwe plastiki. Nataka ukipapasa, lile tundu ulipate.

Mama yako