Kwa Nini Umeme Haurudi kwa Mpigo Mmoja?

SWALI: Mhariri, gridi ya taifa inapoanguka, mtaa wa jirani hupata umeme saa kadhaa kabla yetu, na ukitufikia hukatika tena baada ya dakika chache. Kwani hakuna swichi moja ya kuwasha nchi nzima? — Msomaji, Nakuru

JIBU: Haipo, na hata ingekuwepo, mhandisi anayeijua kazi yake asingethubutu kuigusa. Umeme unaozalishwa hauna budi kulingana na unaotumika kila nukta, kwa masafa ya hezi 50, yaani mkondo ukizunguka mara 50 kwa sekunde. Mitambo ikizidiwa, masafa hushuka, na vifaa vya kinga huitoa kwenye gridi mmoja baada ya mwingine kabla haijaharibika. Tarehe 7 Juni 2016, tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, Mto Tana. Zaidi ya megawati 180 zikapotea, na Kenya nzima ikawa gizani. (Tumbili mwenyewe alinusurika.)

Ugumu wa kurejesha ni kwamba vituo vingi vya kuzalisha umeme navyo huhitaji umeme wa kuendeshea pampu na mifumo ya udhibiti ndipo viwake. Kwa hiyo kazi huanzia penye mtambo unaoweza kujiwasha wenyewe, na mabwawa hufaa sana, kwa kuwa betri na jenereta ndogo ya dizeli hutosha kufungulia maji yanayozungusha turbini. Umeme huo wa mwanzo huamsha vituo vingine, na wateja huongezwa kwa mafungu madogo, laini baada ya laini. Mtaa wenu na wa jirani huenda viko kwenye laini tofauti.

Kukatika tena kuna sababu yake. Siku za kawaida friji za mtaa hupokezana kuwaka na kupumzika, lakini baada ya giza refu zote huanza pamoja, hita za maji zikiwa juu yake, na laini huzidiwa. Zimeni vifaa hivyo, mwache taa moja ya kuwajulisha, kisha mngoje angalau dakika kumi kabla ya kuviwasha.

Wenye jenereta wasiichomeke kamwe kwenye soketi ya nyumba bila swichi ya kuhamishia umeme, ile inayotenganisha nyumba na laini ya mtaani, kwa maana umeme wake hurudi hadi kwenye transfoma ya mtaani, ukakuzwa humo na kupanda kwenye nyaya anazozishika fundi anayeamini kwamba laini imezimwa.