Nimevunja kibubu mara ya tano

"Shikamoo Shangazi. Nina miaka 31 na watoto wawili, nauza dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Mwaka wa tatu huu natafuta hela ya vichanja vyangu mwenyewe, niache kuanika mchangani. Nimeshatengeneza vibubu vitano na vyote nimevivunja. Cha kwanza mtoto aliugua. Cha pili upepo uliezua bati wakati wa masika. Cha tatu nilinunua kitenge cha sare, harusi ya mdogo wangu. Cha nne kaka alikuwa na deni. Wiki iliyopita nimevunja cha tano, nilitaka elfu arobaini ninunue simu ya kitochi. Ndani kulikuwa na laki mbili na themanini. Leo sina hata hela ya beseni moja la dagaa. Hata nikianika, mteja akipita nauza kabla hawajakauka. Nilipokuwa mdogo nilikuwa na kibubu cha kopo, baba mdogo akakitoboa, akasema atarudisha, hakurudisha. Mama anasema nimezaliwa bila subira. Nina kasoro gani?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama pale kwa baba mdogo. Nitafika hapo. Kwanza tuvitazame vibubu vyenyewe, maana vyote vitano umevitia kwenye kapu moja la aibu, na hapo umejidhulumu.

Cha kwanza kilimpeleka mtoto hospitali. Cha pili kilirudisha bati juu ya vichwa vya wanao. Hivyo viwili vilifanya kazi ya akiba. Mama ambaye mwanawe anawaka homa naye ameikalia hela ya vichanja, huyo ndiye ningemwandikia kwa ukali.

Sasa hiki cha tano. Ulihitaji elfu arobaini. Laki mbili na arobaini zilizobaki zimekwenda wapi ndani ya wiki moja? Hukuandika, na nahisi hata wewe hujui. Tatizo naliona kwenye kibubu chenyewe. Kimepigiliwa misumari, hakina mlango. Ukitaka kidogo lazima utoe zote, na zikishamwagika kitandani haziitwi tena hela za vichanja. Zinakuwa hela tu, na hela iliyo wazi ina ndugu wengi.

Wapo waliolijaribu jambo hili karibu na kwetu. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya utafiti magharibi mwa Kenya, wakauchapisha mwaka 2013, kwa watu wa vikundi vya kuchangiana kama michezo yetu hii ya upatu. Wengine walipewa kisanduku cha chuma chenye kufuli na ufunguo wake, waweke hela ya matibabu na kinga. Wengine walipewa kisanduku kama hicho hicho, ila ufunguo akakaa nao mtu mwingine mpaka lengo litimie. Ungedhani wa pili ndio waliofanikiwa zaidi. La. Kisanduku cha ufunguo wako mwenyewe ndicho kilichosaidia wengi, kwa sababu hela ilikuwa na jina, mwenyewe aliweza kumwambia ndugu "hiyo imeshapangiwa", na shida ya kweli ikija anachukua kiasi chake na kufunga tena. Kufunga tena, mwanangu. Hilo kibubu chako hakikuwahi kukuruhusu.

Sasa baba mdogo. Huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Stanford, kuanzia miaka ya 1960, Walter Mischel aliwaweka watoto wadogo mbele ya kitu kitamu: kula kimoja sasa, au nisubiri nirudi upate viwili. Watu wakalichukua jambo hilo kama mama yako anavyolichukua, kwamba kuna waliozaliwa na subira na kuna waliozaliwa bila. Lakini mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, huko huko Marekani, walichapisha jaribio jingine, na hili ndilo ninalotaka ulishike. Kabla ya kuwawekea watoto utamu, mtu mzima aliwaahidi vifaa vizuri zaidi vya kuchorea. Watoto 14 waliletewa. Wengine 14 aliwarudia mikono mitupu, akaomba radhi. Ndipo wakapewa mtihani ule wa kusubiri. Waliotimiziwa ahadi walisubiri kwa wastani wa dakika 12 hivi. Waliodanganywa, dakika 3.

Ahadi zilizovunjwa kwa watoto wale zilihusu vitu vya kuchorea tu. Wewe kopo zima lilitobolewa na mtu uliyemwita baba. Mtoto aliyeona hivyo akakua akijua kwamba hela ikilala kesho haitakuwepo, mtoto huyo alikuwa anaona sawasawa. Mkono unaokimbilia kula leo ulijifunza kwa mwalimu mbaya. Siwezi kuona kasoro ya kuzaliwa hapo, na mama yako naomba aisome aya hii.

Tena subira unayo. Serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, samaki wapate kuzaliana, wachuuzi wa Kibirizi mliishije? Mlishikilia miezi mitatu. Kulikuwa na tarehe ya mwisho, na mlisubiri wote pamoja. Vibubu vyako havikuwa na tarehe wala mwenzio wa kusubiri naye.

Kwa hiyo tafuta kisanduku cha bati na kufuli. Viwili ukiweza: kimoja cha homa na mabati, kingine cha vichanja. Halafu usingoje kijae. Hela yako unaijua inakuja lini: wakati wa giza mitumbwi inarudi imejaa, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanakaa nyumbani na wewe unaanza kula ulichoweka. Basi giza likiwa limekolea, nenda dukani ukanunue mita mbili za wavu wa vichanja. Giza linalofuata, mbao. Wavu hauliki, na hakuna kaka atakayekuja usiku kuazima mbao nne. Wakulima wa Busia nchini Kenya walisaidiwa hivyo hivyo: wakaletewa nafasi ya kulipia mbolea mara tu baada ya mavuno, hela ikiwa bado mkononi, na wengi zaidi wakatumia mbolea msimu uliofuata.

Kuhusu dagaa wabichi, usijipige sana. Mtu asiye na hela ya unga wa jioni hawezi kumkatalia mteja wa saa nane mchana. Asubuhi pima fungu la chakula cha siku hiyo, liuze bichi bila majuto, mambo ya nyumbani yaishe. Lililobaki lianike, kisha ondoka hapo, kageuze dagaa wa jirani naye ageuze wako. Hata watoto wa Mischel walioweza kusubiri ni wale waliofumba macho au kuimba nyimbo, si waliokaza macho kwenye utamu.

Kaka mwambie mapema, kabla hajaomba, akiwa ameshiba na mmekaa vizuri: "Mwaka huu nanunua vichanja, kila mwezi naweza kukupa kiasi hiki, zaidi ya hapo sina." Atanuna. Mwache anune.

Na kitenge cha sare, mwanangu, mdogo wako anaolewa mara moja. Usikililie tena.

Giza lijalo niandikie, uniambie umefikisha mita ngapi.